Kadi Iliyojaa Jua

Ndugu yangu alibeba barua za watu kwa miaka ishirini na mbili na hakuwahi kusoma hata moja. Nikisema hivyo watu humsifu, eti ndivyo tarishi mwaminifu anavyotakiwa kuwa. Nilikuwa nawaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba hakusoma kwa sababu hakuweza. Herufi zilimshinda tangu utotoni, na duniani aliyejua ni mimi tu, dada yake, niliyemzidi miaka minne na mdomo.

Kwanza mjue alivyofanya kazi, maana mpaka leo sijui nicheke au nilie. Jengo la ofisi yao lina ghorofa nne na milango zaidi ya hamsini. Alifika kabla ya wote, gazeti kwapani, shati limenyooka, kwa sababu mimi ni dobi na shati la ndugu yangu halitoki kwangu na kunyanzi. Mhazili wa masjala alimpangia bahasha kwa kufuata milango, ya mlango wa kwanza juu, ya mlango wa mwisho chini. Ndugu yangu ndiye aliyemshawishi, zamani sana, kwamba hivyo kazi inakwenda haraka. Kweli ikaenda haraka, mpaka wakambandika jina la Chapchap. Mihuri aliijua kwa rangi na umbo. Miandiko ya wakubwa aliitambua kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake. Ikija bahasha ngeni, aliinyanyua kuelekea dirishani, akakunja uso, akamuuliza aliye karibu, "Hivi huyu naye siku hizi yuko chumba gani?" Mtu alisoma jina, akamwelekeza, na hakuna aliyeshtuka hata siku moja.

Na saini yake sasa! Kitanzi, mkia mrefu, nukta mbili, mstari chini. Nilimtungia mimi, akaifanyia mazoezi mwezi mzima kwenye karatasi za kufungia sabuni. Mkurugenzi mwenyewe hakuwa na saini ya kutisha kama ile.

Tulipokuwa shule alichapwa mpaka akazoea. Mwalimu wa darasa la tatu alimsimamisha juu ya dawati, akamwambia asome ubaoni, naye akatazama ubao ule kama mtu anayetazama ukuta. Darasa likacheka. Nilisikia kicheko hicho nikiwa chumba cha pili kutoka pale, nikajua wanamcheka nani. Kuanzia hapo nikawa namfanyia kazi zake za nyumbani, naandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko uwe mbaya kama wake. Alifika darasa la tano kwa mkono wangu wa kushoto, kisha akaacha. Nilijiona dada wa maana sana. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Alioa, akapata binti mmoja, na mkewe akafariki binti akiwa na miaka mitatu. Binti tulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Ukimtuma dukani anarudi na habari za mtaa mzima, nani kagombana na nani, mbwa wa nani kazaa. Hesabu anazifanya kichwani wewe bado unatafuta kalamu. Lakini mpe kitabu, anakauka. Kidole kinatembea juu ya mstari, mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Nilipomwona hivyo mara ya kwanza, akiwa na miaka saba, nilimwona baba yake juu ya lile dawati, nikageuza uso nikaendelea kupiga pasi.

Akapita madarasa hivyo hivyo, kwa kukaa nyuma na kwa kubahatisha, mpaka akafika darasa la mwisho. Mwaka huo ndipo alipokuja mwalimu mgeni, mwanamke kijana wa viatu vya turubai, aliyesomea mambo haya. Watoto walimwita Mwalimu Kadi kwa sababu ya sanduku la kadi alilotembea nalo. Alimkalisha Chiriku siku mbili, akampima, kisha akaita wazazi wa watoto kumi na wawili wenye shida kama yake. Ndugu yangu aliniomba tuongozane.

Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakitufika kidevuni. Mwalimu alisema tatizo linaitwa disleksia, kwamba si ujinga wala uvivu, kwamba ubongo wa mtoto kama huyu unazishika herufi kwa njia nyingine na unahitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Alituonyesha herufi alizokata kwenye karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole. Alituonyesha sinia la mchanga la kuandikia. Alisema shule peke yake haiwezi na nyumbani peke yake hapawezi. Kisha akasema, "Hili tatizo mara nyingi hutembea kwenye familia. Kuna mzazi hapa aliyepata shida ya kusoma alipokuwa mdogo?"

Nikamtazama ndugu yangu kwa jicho la pembeni.

"Kwetu sote tunasoma vizuri," alisema, tena kwa sauti, wakati hakuna aliyemtaja.

Nami nikajifanya nazitazama herufi za msasa.

Mwalimu akaeleza jambo kubwa lililotuleta. Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi minne mbele. Mtoto mwenye disleksia, ikithibitishwa, hupewa msomaji, yaani mtu mzima wa kukaa naye chumba cha pembeni na kumsomea maswali kwa sauti. Majibu ni ya mtoto mwenyewe. Akiwa na msomaji, alisema mwalimu huku akimtazama ndugu yangu, Chiriku anakwenda sekondari bila wasiwasi. Bila msomaji atakuwa anapewa karatasi asiyoijua inasema nini. Na ili kuthibitisha zilihitajika karatasi mbili zinazokubaliana: ripoti ya mwalimu, na kadi ya nyumbani ya wiki kumi na mbili.

Kadi yenyewe ilikuwa ya michoro. Kila jioni, siku tano kwa wiki, mzazi amsomee mtoto ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi, mtoto afuate kwa kidole, kisha wasome pamoja, mwisho mtoto asome peke yake. Akisoma vizuri, mzazi achore jua. Akisitasita, wingu. Akishindwa, mvua. "Msiogope mvua," alisema mwalimu. "Mvua ndiyo itakayompatia mtoto wako msomaji. Nataka ukweli tu." Halafu akaongeza, akifunga sanduku lake, "Na kama kuna mzazi ambaye kusoma kunampa taabu, abaki nyuma kidogo tuzungumze. Kuna utaratibu wake. Hakuna aibu." Ndugu yangu alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni.

Njiani nilimvaa.

"Mbona hukubaki?"

"Nibaki vipi, dada? Yule wa shati la mistari ni dereva wa bosi wangu."

"Basi nitarudi nikusemee mimi."

"Ukinisemea, mimi na wewe basi."

Nilimjua. Alikuwa mpole mpaka pale, na pale alikuwa jiwe. Nikamwambia basi Chiriku awe anapita kwangu akitoka shule, nimsomee ule ukurasa, nifanye na hayo mambo ya mchanga, kisha jioni akamsomee baba yake, baba achore. Tukakubaliana. Nilijiona nimetatua jambo.

Siku mbili za kwanza nilijitahidi. Niliweka sinia la mchanga kwenye kona ya meza ya pasi, Chiriku akaandika, akapiga chafya, mchanga ukamwagika kwenye shuka jeupe la mteja. Nikalifua upya. Siku ya tatu sinia likaenda uvunguni. Nikawa nasoma tu, kitabu kimeegemea chupa ya maji, pasi mkononi, na yeye anakunja foronya huku akisikiliza. Nikisoma mara ya kwanza, anauliza maswali. Mara ya pili, ananyamaza. Mara ya tatu anasema nami neno kwa neno, mpaka pale ninapovuta pumzi naye anavuta. Macho yake yako kwenye foronya.

Nilijua hasomi. Siwezi kujificha nyuma ya chochote hapa. Nilijua kwa sababu nilikwisha kumlea mtu mmoja wa namna hiyo.

Siku moja nilikwenda kwao jioni kupeleka mashati. Nikawakuta chumbani, wamekaa kwenye mkeka, kitabu kimefunguliwa kati yao. Chiriku alikuwa anasoma habari ya mbuzi aliyekataa kuvuka daraja. Kidole kinatembea, sauti imepanda na kushuka panapostahili, hakukwama hata mara moja. Ndugu yangu alikuwa ameshika pembe ya kitabu kwa vidole viwili, kwa adabu, kama ameshika kitu cha kuazima. Alipomaliza, ndugu yangu alikuwa na machozi.

"Umesoma mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe, baba."

Akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa ananiuliza mimi. Hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, wala hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuhakikisha. Miaka yote ile sikuwahi kumwona ana furaha kama hiyo. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akachora jua. Alikuwa ameazima kalamu ya njano kwa mhazili, ile ya kupigia mstari kwenye maandishi, akachora duara, akalitia miale minane. Kadi aliiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya jalada la kazini ili isikunjike. Alikuwa akienda nayo ofisini. Kila ghorofa ilijua kwamba binti wa Chapchap anasoma kama maji. Ijumaa Chiriku aliipeleka shule, Jumatatu akairudisha.

Nyuma ya kadi mwalimu aliandika. Ndugu yangu aliniambia siku moja nikiwa nanyunyiza maji kwenye suruali. "Mwalimu kaandika nyuma, dada. Kaandika mistari mingi! Karidhika yule."

"Kaandika nini?"

"Anasifia tu. Mimi nikatia saini chini."

Sikuomba kuiona. Suruali ilikuwa ya mteja mkorofi na alikuwa njiani kuifuata. Chiriku naye, tulikuja kujua baadaye, aliagizwa mara mbili kwa mdomo amwite baba yake shuleni. Mara zote mbili alifika nyumbani akasema, "Mwalimu anakusalimia." Aliniambia aliogopa kwamba baba akienda, jua litakwisha.

Zikafika wiki kumi na mbili. Majua sitini. Mwalimu mkuu akampigia simu ndugu yangu kazini, aje kesho yake, na mimi nikaja.

Chumbani kwa mwalimu mkuu alikuwepo Mwalimu Kadi, uso umemparama, na mwanamke wa makamo mwenye miwani, afisa kutoka ofisi ya mitihani. Alipomwona ndugu yangu akacheka kwa furaha.

"Chapchap! Kumbe ni binti yako?" Akamgeukia mwalimu mkuu. "Huyu ndiye anayetuletea barua kila siku, ghorofa ya tatu. Hajawahi kupoteza hata moja."

Ndugu yangu aliinama kidogo, meno nje.

Afisa akaweka karatasi mbili mezani, bega kwa bega. "Sasa nina shida. Mwalimu ameandika kwamba mtoto hawezi kumaliza mstari mmoja. Baba ameandika jua, jua, jua, jua. Hazikubaliani. Nani nimwamini?"

"Anasoma," alisema ndugu yangu. "Mwalimu amefanya kazi nzuri. Namshukuru sana."

"Na haya ya nyuma uliyasoma?"

"Niliyaona."

Afisa akageuza kadi, akasoma kwa sauti. La kwanza lilisema: Mzazi mpendwa, naona jua kila siku, lakini shuleni bado ni mvua. Je, anasoma au amekariri? Naomba uje tuzungumze. La pili lilisema: Sijakuona. Tafadhali mpe ukurasa ambao hajawahi kusomewa, kisha uchore unachokiona. La tatu lilikuwa fupi: Nakuomba sana, muda unakwisha. Chini ya kila moja, kitanzi, mkia mrefu, nukta mbili, mstari.

Ndugu yangu alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni.

"Mwiteni mtoto," ndugu yangu alisema.

Chiriku akaja. Alituona sote, akaelewa haraka kuliko sisi. Mwalimu Kadi akampa kile kitabu, akamfungulia ukurasa wa mbuzi, akamwambia asome. Akaanza. Jamani, alisoma! Afisa akavua miwani akamtazama. Mbuzi akafika darajani, mbuzi akasimama, na hapo Mwalimu Kadi, bila kusema neno, akanyoosha mkono akageuza kurasa tatu kwa pamoja.

Chiriku hakusita. Kidole kikahamia mstari wa juu, sauti ikaendelea na mbuzi na daraja na maji yaliyokuwa yanapita chini. Kwenye ukurasa ule palikuwa na picha kubwa ya mtu anatengeneza baiskeli.

Picha hata ndugu yangu aliijua. Nilimwona akiitazama baiskeli, akamtazama mtoto, akaitazama tena baiskeli. Mtoto alikuwa bado na mbuzi. Hakuna aliyemzuia mpaka akamaliza na kufunga kitabu na kusema, "Mwisho."

Kisha ndugu yangu akanitazama mimi. Sikuweza kuinua macho yangu kutoka kwenye viatu vyake.

"Kwa hiyo kadi ni ya uongo," afisa alisema polepole.

"Si ya uongo." Alisimama. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Nilichora nilichosikia. Mimi sisomi, mama. Sijui kusoma. Sikujua kama anasoma au hasomi."

Mwalimu mkuu alikohoa. Afisa alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Chapchap, acha utani. Unabeba barua."

"Nabeba. Sisomi."

Sijawahi kuona mtu akivuliwa nguo mbele za watu, lakini nadhani huwa hivyo. Na alijivua mwenyewe, mbele ya binti yake, mbele ya mtu wa ghorofa ya tatu, kwa sababu alidhani ndiyo njia ya kumwokoa mtoto. Aliendelea kusema. Akasema mpaka habari za darasa la tatu na lile dawati. Akasema, "Basi mmeona hawezi, na mmeona ametoka wapi. Mpeni msomaji."

Afisa alivaa miwani, akaivua tena. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaani.

"Sikiliza," alisema. "Kama ulichora bila kujua, kadi haipo. Na bila kadi ya wiki kumi na mbili hakuna faili. Mtihani uko wiki tano mbele, orodha ya wasomaji inafungwa Ijumaa hii. Kwa mzazi asiyesoma kuna fomu yake, tena nyepesi. Mwalimu anakwenda nyumbani mara moja kwa wiki anachora yeye, au ndugu anayesoma anaapa na kuchora. Ungesema tu siku ile ya kwanza."

"Aliulizwa," Mwalimu Kadi alisema. "Niliwauliza wote."

"Sheria sikuitunga mimi," alisema afisa. Kisha akanigeukia. "Wewe ni dada yake. Unasoma?"

"Nasoma."

"Hata wewe hukujua kwamba mtoto anakariri?"

Nilifungua mdomo. Huu mdomo wangu, ambao mtaa mzima unauogopa, ambao umewahi kumrudisha askari kituoni bila alichokifuata. Haukutoa kitu.

"Shangazi hakujua," alisema Chiriku. "Nilimdanganya."

Nami nikamwachia. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliubeba uongo wangu mbele ya watu wazima wanne, na mimi nikaangalia viatu.

Siku ya tatu ofisini walimhamisha. Hakuna aliyemtukana. Bosi wake alimwita, akamwambia kwa upole kwamba barua nyingine ni za siri na lazima anayezibeba ajue anabeba nini, akampeleka kwenye lango la magari. Mhazili alilia, eti kwa nini hukuniambia miaka yote hii ningekufundisha. Watu wakawa wanampigia honi wakiingia, wanasema, "Chapchap, vipi?" naye anainua kizuizi. Gazeti hakulibeba tena.

Mwalimu Kadi alikuja nyumbani kwao kila siku kwa zile wiki tano, kwa miguu yake, na sinia lake. Hilo nitamsifia mpaka kaburini. Walikaa mkekani watatu, mwalimu, Chiriku na baba yake, kila mmoja na herufi ya msasa chini ya kidole. Chiriku alifika mahali pa kusoma maneno mafupi, moja moja, kwa jasho. Mwalimu alichora mawingu, na mara mbili, kwa haki kabisa, jua dogo. Alisema angepata mwaka mzima namna ile angefika mbali. Tulikuwa na wiki tano.

Siku ya mtihani wa hesabu nilimsubiri nje ya lango la shule. Alitoka na wino kidevuni. Nikamuuliza vipi.

"Za namba tupu nimefanya zote," alisema. "Zile za maneno nimeacha. Kulikuwa na moja ina mchoro wa matangi mawili ya maji. Ile ningeiweza, shangazi. Mtu angeniambia tu wanauliza nini."

Hakulia. Alinisimulia habari za msichana aliyetapika mtihanini, na nani alimfuta, na msimamizi alivyoruka. Nikamshika mkono tukaenda.

Matokeo yalibandikwa asubuhi ya Jumamosi, kwenye ukuta wa nje wa shule: majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, karatasi mbili zilizochapwa kwa mashine. Nilichelewa kwa sababu ya mzigo wa mashuka ya hoteli. Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kupungua. Wengine walikuwa wanakumbatiana barabarani, wengine wanaondoka kimya na watoto wao. Ukutani walibaki wawili, ndugu yangu na Chiriku.

Walikuwa wamesimama karibu sana na karatasi. Chiriku alikuwa na kidole kwenye karatasi ya kwanza na baba yake kwenye ya pili, wanashuka jina moja baada ya jingine, wanafika chini, wanabadilishana karatasi, wanaanza tena. Midomo inachezacheza. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa kwenye ngazi kama wako hapo muda mrefu. Akasema yeye amewakuta, na yuko pale tangu saa mbili.

Nilisogea nyuma yao. Mimi nasoma haraka, nimezoea majina kwenye vitambulisho vya nguo. Jicho moja tu lilinitosha. Karatasi ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna.

Ndugu yangu alihisi nipo, akageuka. Jasho lilikuwa linamtoka. "Dada, afadhali umekuja. Tunalitafuta lakini unajua macho yetu sisi. Linatupita tu. Tutafutie."

Chiriku naye aligeuka. Hakuwa na kidole tena ukutani. Alikuwa ananiangalia usoni, na nilijua kwamba yeye amekwisha kulisoma jibu huko.

Nilitaka kusema orodha bado haijakamilika. Nilitaka kusema kuna karatasi ya tatu, nitakwenda kuuliza ofisini, rudini nyumbani mle. Yote yalinijia mdomoni, tayari kabisa, yamepangwa.

"Halipo," nilisema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Halipo, mdogo wangu."

Alitazama ukuta, kisha akanitazama, na niliona kwamba haniamini, na kwamba ana haki ya kutoniamini.

"Yasome yote," alisema. "Kwa sauti. Moja moja, na uweke kidole, nione."

Nikaweka kidole kwenye jina la kwanza. Yalikuwa majina arobaini na moja. Nikayasoma yote, na wao wakafuata kidole changu mpaka mwisho.